Walivyonigeuzia Kitanda

Mwalimu mmoja jirani yetu, ambaye mkewe ameanza kuchomwa sindano za kifua mwezi huu, ameniomba nimwandikie yaliyonipata. Nilimwambia mie seremala, penseli yangu nimezoea kuipitisha juu ya mbao. Akasema andika hivyo hivyo. Basi naandika, na asiyependa mwandiko wa fundi asisome. Habari za mapafu na vijidudu waulizwe madaktari. Mie nitasema habari za chumba, kwa sababu kifua kilinitesa, lakini chumba ndicho kilichokaribia kuniua.

Nyumba yetu iko Keko, ya miti na udongo, bati juu, ukumbi katikati na ua nyuma. Chumba chetu mie na mke wangu Tatu ni cha mwisho, dirisha lake linatazama uani, na ukilitazama dirisha hilo umeelekea kibla. Ndivyo nyumba ilivyokaa, hakuna aliyeipanga. Nalisema hili mapema kwa sababu kazi yangu ni vitanda, na fundi wa vitanda hafanyi kazi bila kujua kibla ilipo. Nikipeleka kitanda kwa mtu, kabla sijakiunga namuuliza kwanza, maana si adabu mtu kulala miguu imeelekea huko.

Na mara mbili nimeitwa kwa kazi nyingine. Mgonjwa yuko ukingoni, watu wake wanataka kumlaza kibla, na kitanda hakigeuki kwa ufinyu wa chumba. Nafungua mbao zote, naviunga upya viungo vyake upande wa pili, kichwa kikae mashariki, ili mtu akilazwa ubavu wa kulia uso wake uelekee kunakotakiwa. Mara zote mbili nilisikia kilio kabla sijafika barabara kubwa na mkoba wangu wa vifaa.

Ugonjwa wangu ulianza wakati wa vuli, kikohozi tu. Nikalilaumu vumbi la mninga. Seremala gani hakohoi? Nikanywa tangawizi, nikanywa habasoda aliyonikorogea mama, nikaendelea kupiga randa. Kiangazi kilipoingia, mkanda wangu nilikwisha uongeza matundu mawili kwa msumari, na jioni nilikuwa natetemeka huku wenzangu wanajipepea. Siku niliyotema damu juu ya ubao niliokuwa naulainisha, niliifunika haraka kwa maranda, nikajifanya natafuta penseli. Tatu alikuwa ameniletea chakula, akaona. Kesho yake kaka yake, Shomari, alinipakia nyuma ya baiskeli yake akanipeleka hospitali.

Kama hujakaa kwenye benchi za kungojea, utakaa. Zile za kwetu zilitengenezwa na mtu ambaye hakuwa na nia ya kuzikalia: nyembamba, ndefu, hazina pa kuegemea. Nilizijua zote, ipi inacheza mguu na ipi ina msumari uliochomoza. Tulikaa pale kila mtu na mkebe wake wa makohozi mkononi, hatutazamani. Siku ya kwanza kizunguzungu kilinishika, na bibi mmoja muuza samaki wa Kunduchi, naye mgonjwa kama mie, akainuka.

"Nyoosha miguu, mwanangu," aliniambia. "Mie kusimama nimezoea, mnadani hakuna viti."

Nililala pale alipokuwa amekaa, palikuwa pamepata joto lake. Mpaka leo nikimkumbuka namwombea.

Dresa, mhudumu wa kutuchoma sindano, alikuwa mtu mfupi wa kaptura ya kaki, mkono mwepesi, mdomo mkali. Akaniambia wodini pamejaa, nitachomwa kila siku na kurudi kwangu. Kisha akanihesabia masharti kwa vidole. Sahani yangu peke yangu. Kikombe changu peke yangu. Mkebe wa makohozi uwe na kifuniko. Dirisha liwe wazi.

"Na watoto?" aliuliza.

"Wawili, wa kike. Asha na Zuhura."

"Wasikanyage chumbani mpaka nikwambie."

Asha alikuwa na miaka saba, anaelewa kama mtu mzima. Lakini Zuhura alikuwa na minne, na tangu aanze kutembea alikuwa halali usingizi wa mchana ila juu ya tumbo langu. Niliporudi alikuja mbio ukumbini, Tatu akamdaka kwa nyuma, akalia mpaka sauti ikamkauka. Nikafunga mlango. Ndiyo ilikuwa sindano ya kwanza, na ile ya dresa ilikuwa ya pili.

Mama yangu anakaa nasi, chumba cha mbele. Aliyafuata masharti yote ila la dirisha. Kwake upepo ndio ulioondoka na baba yangu, na upepo huo huo sasa ulikuwa unanitafuta mie. Akaliziba dirisha kwa gunia. Asubuhi Tatu analitoa, mchana mama analirudisha. Hawakugombana, maana Tatu ni mkwe mwenye haya na mama ni mkwe mwenye heshima zake. Waligombana kwa gunia. Mie nililala katikati nikilitazama likitolewa na kurudishwa, na mwishowe gunia likashinda.

Nataka mwalimu akielewe chumba hicho. Mbele ya kitanda lilisimama kabati la mninga nililomtengenezea karani mmoja wa boma, akahamishiwa Tabora kabla hajalichukua. Kabati zuri, lakini lilikuwa kubwa kama choo cha uani na jeusi kwa msasa na mafuta. Chini ya kitanda nilikuwa nimelundika vipande vya mbao, maana fundi hatupi ubao. Kuta zilikuwa za udongo mtupu. Masika ilipoanza udongo ukatoa unyevu, mbao zikanuka uvundo, na dirisha limezibwa. Nikaacha kujua kama ni asubuhi au alasiri. Zamani nilidhani chumba ni pa kuwekea kitanda tu. Kumbe ukilala humo miezi, kila kilichomo kinakuingia. Kabati lile lilinikandamiza kifua hata nilipolifumbia macho, na kila nilipolitazama niliona kazi ambayo sitaifanya tena.

Na mikono! Hakuna aliyenionya kuhusu mikono. Nilikuwa na sugu za miaka kumi na tano, nikijivunia kuliko saa ya mfukoni. Kufika sindano ya arobaini zilikuwa zimebanduka zote, viganja vikawa laini kama vya karani. Nilivificha chini ya shuka Shomari alipokuja kunijulia hali.

Mwisho wa masika homa ilipanda, wakanilaza hospitali siku nne, chini, kwenye mkeka baina ya vitanda viwili. Siku ya tano Shomari akanirudisha nyumbani kwa baiskeli. Nilikuwa nimechoka, lakini nilikuwa na furaha, kwa sababu dresa alisema kwa mara ya kwanza kwamba kifua changu kinaanza kutii.

Nikafungua mlango wa chumba, furaha ikanitoka.

Kabati halikuwepo. Mbao zangu za chini ya kitanda hazikuwepo. Katikati ya chumba palikuwa peupe, pana, pamefagiliwa, pa kutosha watu watatu wamchukue mtu wamwoshe. Kuta zilikuwa zimepakwa chokaa mpya. Kitandani palitandikwa shuka nyeupe, tusiyokuwa nayo kabla. Na kitanda kilikuwa kimegeuzwa. Kichwa kilichokuwa dirishani sasa kilikuwa mashariki.

Nilishika fremu ya mlango niliyoitengeneza mwenyewe. Tatu alikuwa nyuma yangu.

"Unaonaje?" aliniuliza, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho siku ile nilikidhania kilio.

"Vizuri," nikasema. Ningesema nini? Mtu hasemi, "Mbona mmeshanilaza kibla?" Kwetu neno hilo halitamkwi mbele ya mgonjwa, sembuse mgonjwa alitamke mwenyewe. Nikawaza, dresa ananipa maneno matamu mie, ukweli wamepewa wao.

Nikapanda kitandani. Na kwa kuwa mie mbishi tangu kuzaliwa, nikalala ubavu wa kushoto. Nikaipa kibla mgongo, Mungu anisamehe, nikaukodolea macho ukuta. Nilijiambia, hawanilazi ubavu wa kulia na roho yangu ingalimo. Wakitaka wangoje.

Nililala hivyo siku baada ya siku. Kipupwe kikaingia, gunia nikasikia limeondolewa, jua likawa linapita dirishani nyuma yangu na kuangukia ukuta niliokuwa nautazama. Chokaa ile ilikuwa imetiwa nili kidogo, na jua likiipiga ilikuwa na rangi ya maji. Nakiri ilikuwa nzuri. Niliichukia kwa uzuri wake. Asubuhi vivuli viwili vilikuwa vinakuja juu ya ukuta, kimoja kirefu kimoja kifupi, vinatulia kitambo, kisha vinaondoka. Nikajua watu wanachungulia dirishani kuona kama tayari. Nikawa nafumba macho vikija.

Kisha nikaacha sindano. Nikamwambia Shomari leo sijisikii, kesho. Kesho nikasema kesho. Kwa nini mtu achomwe matako yakawa mawe, akae kwenye benchi zile, hali nyumbani wameshamwandalia safari? Shomari akabembeleza, Tatu akabembeleza. Mama akasema, "Mwacheni apumzike, mwanangu." Hilo ndilo lililonimaliza. Mama mzazi anasema niachwe. Sikuhitaji ushahidi mwingine.

Asubuhi moja Tatu aliingia na uji, akasimama muda mrefu nyuma yangu.

"Baba Asha, hata kutazama tu hutaki?"

"Nitazame nini?"

Aliweka bakuli chini akatoka, na nikamsikia uani akiwaambia watoto waondoke, baba amelala. Sikuwa nimelala, na yeye alijua.

Ijumaa moja, siku ya kumi na moja bila sindano, nilimwomba Shomari awaite mama na Tatu, nikawaambia wakae. Nilikuwa nimejipanga. Nilisema vifaa vyangu vyote, randa, misumeno, patasi, apewe Shomari, awasomeshe watoto. Kabati la karani wa Tabora, akija apewe. Mwenye neno nami anisamehe, na mie nimesamehe. Hapo Tatu alikuwa ameshajiziba mdomo kwa upande wa kanga.

"Na nyie msione haya," nikamalizia, bado nimewapa mgongo. "Kunilaza kibla mapema si kosa. Mliona mbele. Sina kinyongo."

Mama akasema, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nilipokuwa mtoto nimeiba nazi:

"Nani kakulaza kibla?"

"Mama, mie fundi wa vitanda."

"Nakuuliza, nani kakulaza kibla? Mie nikulaze kibla na wee unakunywa uji? Unamaliza bakuli, unaomba chumvi!"

"Ulisema niachwe nipumzike."

"Nilisema upumzike kwa sababu sindano zilikuwa zinakuliza! Ungali mwanangu, nikuone unalia?"

Tatu alikuwa ameinuka. Nilisikia anazunguka kitanda mpaka upande wa ukutani, akajibana baina ya kitanda na ukuta ili anione uso. Macho yake yalikuwa mekundu na alikuwa amekasirika kuliko siku yoyote ya ndoa yetu.

"Kitanda nimekigeuza mie," akasema. "Mie na Shomari. Dirisha lilikuwa nyuma ya kichwa chako, ungeona nini? Nikakigeuza dirisha liwe ubavuni mwako. Kichwa sikukiweka magharibi kwa kuwa huko mlango, kila anayeingia angekupita usoni. Kabati nimelitoa lilikuwa linaziba mwanga. Shuka nimeshona kwa bafta ya kanzu yako ya Idi. Nimekaa na mama mkwe siku mbili nikimwomba radhi ya gunia, akaniachia. Yote hayo ili uwaone watoto! Si hawaruhusiwi kuingia? Nimewawekea benchi uani, mbele ya dirisha. Wamekaa pale kila asubuhi, wamechanwa, wamevaa magauni, wanakungoja ugeuke. Na wee umewapa mgongo. Zuhura ananiuliza, mama, baba kaninunia nini?"

Shomari akajikohoza, akaangalia chini. Mama akawa anasema "La ilaha" nusu nusu, haimalizi.

Mie nililia. Siandiki hili kwa kujisifu wala kwa haya. Nililia kwa ajili ya vivuli viwili, kirefu na kifupi, nilivyovifumbia macho asubuhi zote zile nikidhani ni watu wanaongojea nife. Nikamwambia Tatu anisaidie, maana upande wangu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi. Akanishika bega, mama akashika kiuno, wakanigeuza.

Dirisha lilikuwa chini kuliko nilivyokumbuka, na kitanda changu ni kirefu, kwa hiyo ua wote uliingia machoni mwangu mara moja. Jiko la Tatu, kinu, kamba yenye kanga mbili, kuku mmoja mzembe. Na benchi. Ilikuwa tupu. Asha alikuwa shuleni. Zuhura, Tatu akaniambia polepole, alikuwa ameacha kuja tangu juzi. Akiitwa anasema hataki.

Jumamosi Shomari alinipeleka hospitali. Dresa alinitukana mbele ya watu wote, akaniambia nimemharibia kazi yake, tuanze kuhesabu upya. Nilimshukuru. Bibi wa Kunduchi hakuwepo kwenye benchi na sikupata ujasiri wa kuuliza.

Mwalimu, nakuandikia uliyoniomba. Mgonjwa wa ugonjwa huu anaishi chumbani miezi, na chumba kinamsemesha mchana kutwa. Toa vitu vinavyomkumbusha asichoweza. Paka chokaa, na nili kidogo si ghali wala si ushamba. Dirisha liwe mahali anapoweza kuliona bila kupindua shingo, na nje yake pawe na watu wanaofanya kazi zao za kawaida, wapepete mchele, wagombane, maana kumwona mtu akipepeta mchele wa kesho kunakupa kesho. Lakini usimfanyie hayo akiwa hayupo. Mkalie chini, mwambie: nataka kukigeuza kitanda, kwa sababu hii na hii. Mkeo akisema hapana, kiache. Tatu alifanya kila kitu sawasawa, kwa mapenzi, na kwa kunificha ili anifurahishe alikaribia kunizika. Nami sikuuliza swali moja dogo, kitanda kielekee wapi na kwa nini, ambalo kwa wateja wangu niliuliza kila siku.

Sindano zilikwisha mwisho wa kipupwe kilichofuata. Napiga randa tena, nusu siku. Sugu zinarudi, taratibu.

Ila nimeruka jambo, na nikiliacha nitakuwa nimekudanganya kwamba kila kitu kilipona siku ile ya Ijumaa. Asubuhi ya Jumapili nililala ubavu wa kulia tangu mapema, nimechana nywele, nikitazama benchi. Asha alikuja, akakaa, akaniambia habari za shuleni kwa sauti ya kupaza, akacheka. Zuhura hakuja. Jumatatu hakuja. Nilimwona akipita mbali kando ya kinu, uso ameuficha kwenye kanga ya mama yake. Tatu alitaka kumshika amlete, nikamwambia amwache, nitangoja. Alikuwa ameningoja sana yeye.

Jumanne nilirudi kutoka hospitali nimechoka, nikalala, nikafumbua macho. Zuhura alikuwa kwenye benchi peke yake. Alikuwa amenipa mgongo. Miguu haifiki chini, mabega ameyainua, na shingo ngumu kabisa, kama mtu mwenye kazi nzito ya kufanya.

"Zuhura," nikaita.

Mabega yakapanda zaidi.

"Zuhura mwanangu, geuka nikuone."

"Geuka wewe."

"Nimeshageuka."

Alikaa vile vile muda, akilipima neno hilo. Nilikuwa naogopa kukohoa. Kisha, bila kuinuka, akaanza kujizungusha juu ya benchi polepole kwa matako, mguu mmoja, mguu wa pili, mpaka akanielekea, na alipohakikisha ni kweli, akaegemeza kidevu chake mikononi akanitazama, naye hakuondoka mpaka adhuhuri.